Mzee wa Akordeo na Uzito Wake

Mtaani kwetu Panda, hapa Likasi, maiti hakutoka lupangoni, yaani uani kwake, mpaka yule mzee asimame mlangoni na akordeo kifuani. Akishasimama, wabebaji wanainama, wanashika jeneza, naye anaanza. Anatangulia mbele yao polepole, akipiga, kutoka mlango wa nyumba mpaka barabarani ambako gari linangoja. Injini ikiwaka, ananyamaza. Makaburini hakwenda hata siku moja. "Ku makaburi ni kazi ya padri," alikuwa akisema. "Minye kazi yangu ni kutoa muntu mu nyumba yake."

Jina lake silitaji. Mtaa mzima ulimwita Mzee wa Akordeo, na hata mke wake alimwita hivyo akiwa amekasirika, yaani karibu kila siku. Mimi ni fundi cherehani, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Nyumba zetu ni zile za kambi ya zamani ya wafanyakazi, zimepangwa mistari mistari, ukuta mmoja familia mbili. Ukikohoa kwako, kwa jirani wanakujibu pole. Kwa hiyo mambo yake niliyajua, nitake nisitake. Tena mikanda ya akordeo yake niliishona mimi, kwa kitambaa kigumu cha hema na sponji ndani, maana ile ya ngozi ilikuwa imemkata mabega.

Nasimulia bila kupamba. Mume wangu alipofariki, mzee huyu ndiye aliyemtoa. Nilitembea nyuma ya jeneza macho yangu yakiwa kwenye mgongo wa mzee, nikaona mshono mmoja wa mkanda unafumuka, nikawaza kwamba kesho nitautia sindano. Hicho ndicho ninachokumbuka. Sikulia. Watu wakasema mama huyu ana roho ngumu. Roho ngumu ya wapi! Ilikuwa ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa. Na ganzi ile sijui kama imekwisha, maana nasimulia habari za mume niliyempenda huku nashona, na mshono haupindi.

Miaka yake ya mwisho Mzee wa Akordeo alitaka jambo moja tu. Alitaka siku ya mke wake ikifika amtoe yeye mwenyewe, kwa miguu yake, akipiga, mlangoni mpaka barabarani. Mke alikuwa kitandani, ugonjwa wa sukari umemla miguu. Na akordeo ya mzee ilikuwa na uzito wa kilo kumi na mbili, na bega lake la kushoto lilikuwa limeanza kukataa.

Kwa wazima alikuwa mkali, kwa wafu mpole. Asubuhi hakumsalimu mtu kabla ya kunawa uso. Mama akilia kwa nguvu kilioni, alimgeukia bila haya: "Mama, unalia juu sana. Shusha kidogo, ufwate wimbo." Na mama alishusha! Lakini akifika kwenye nyumba ya msiba hakuuliza marehemu alikuwa wa kanisa gani, wala familia inataka wimbo gani. Aliuliza swali moja tu: "Alikuwa anatembea namna gani?"

Wageni walidhani mzee amechanganyikiwa. Sisi tulimjibu. Huyu alitembea haraka, yule alivuta miguu, yule alisimama kila nyumba kusalimu. Naye alipiga kwa mwendo huo huo, ili mtu atoke kwake kama alivyozoea kutoka. Mume wangu alichechemea tangu mguu wake ulipobanwa kiwandani, na wimbo wake ulichechemea vilevile. Kulikuwa na mlevi mmoja mashuhuri wa mtaa, Mungu amrehemu. Siku yake akordeo ilikwenda kushoto, ikaenda kulia, ikasimama, ikaanza tena, na watu walicheka huku wakilia mpaka mama mzazi naye akacheka.

Harusini hakwenda. Zamani alikwenda mara moja, amealikwa kwa heshima zote, suti imepigwa pasi. Alipojitokeza tu kwenye mlango wa lupango na sanduku lake, nyanya wa bwana harusi akashika kichwa: "Mawee! Nani amekufa?" Wanawake wakaanza kulia kabla hawajajua wanamlilia nani. Bibi harusi akazimia. Tangu siku hiyo mzee alisema yeye na furaha hawajuani.

Na kweli, kumwona njiani na lile sanduku jeusi kulitosha kuharibu siku ya mtu. Kina mama waliacha kuchambua sombe, yale majani ya muhogo, wakajiuliza anaelekea kwa nani, kila mmoja akamkumbuka mgonjwa wake. Kwa hiyo akordeo ilipohitaji matengenezo aliileta kwangu ndani ya mfuko wa makala, yaani makaa, ameibeba kichwani kama mtu atokaye sokoni. Mikanda yake ilikuwa na vumbi jeusi siku zote, nami nikifua, nagomba. "Gomba tu," aliniambia. "Afazali mukanda iwe chafu kuliko bantu baogope."

Nyumbani kwake hakupiga. Akordeo ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitenge. Mke wake alilalamika mbele yangu, mzee mwenyewe akisikia: "Minye niliolewa na mupiga-muziki, lakini muziki yake nayisikia tu ku bilio ya bantu bengine." Mzee alijibu kwamba nyumba yake haiko kilio. Mke akasema: "Itakuwa." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, nilikuwa na pini mdomoni.

Siku hizi vijana wanakodi bafle. Ni spika kubwa ya kubebwa na pikipiki, inapiga nyimbo za kanisa kwa sauti ya kutikisa mabati. Mke wa mzee aliichukia mno. Alikuwa ameshapanga mambo yake, vitenge vyake amevigawa, sufuria zake amezitaja moja moja ni za nani. Mwisho wa orodha yake alisema: "Na bafle, apana. Mwenye aliyenileta hapa njo atanitoa."

Basi siku moja mwili wa kijana mmoja ulirudishwa kutoka Kakanda, shimo la kuchimbia mawe lilikuwa limemwangukia. Mzee alisimama mlangoni, akaanza. Walipofika katikati ya njia mkono wake wa kushoto ukashuka wenyewe. Akordeo ikatoa mlio mmoja mbaya, ikanyamaza. Sasa kwetu jeneza haliwekwi chini njiani, na wabebaji hawaendi bila muziki. Wakabaki wamesimama, jeneza mabegani, jua linawaka, jasho linawatoka. Mmoja akamwomba akae, kwa heshima ya babu: "Kambo, ikala kidogo." Akakataa. Alikuwa na neno lake la siku zote, kwamba mfu hapigiwi na mtu aliyekaa. Alijaribu tena, mkono haukupanda. Mwishowe fundi simu wa pale kona akaleta bafle lake, akaliwasha, na jeneza likaenda.

Nilikuwa kwao jioni ile, nambadilishia mke wake shuka. Mzee aliingia, akapandisha akordeo juu ya kabati kwa mkono mmoja na kichwa. Mke hakumtazama.

"Nilisikia bafle," alisema.

"Bega," mzee akajibu.

"Na minye?"

Basi, ni hilo tu. Hakurudia. Niliendelea kukunja shuka. Huruma ilikuwepo, niliiona iko pale, lakini sikuweza kuigusa.

Mashauri yakaja kutoka kila upande. Daktari wa zahanati akamwambia apumzike, aache kubeba. Binti yake mkubwa, anayekaa Lubumbashi, akapiga simu akasema, "Papa, tutakodi bafle ya muzuri, usijali." Jirani mwingine akasema mzee apandishwe kwenye mkokoteni, asukumwe huku anapiga. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli kila mtu aliubeba mzigo wa mzee kwa urahisi. Mimi nilikuwa na shauri moja nalo halikuwa na akili nyingi: nilimwambia atafute akordeo nyepesi.

Alinikasirikia siku kadhaa. Kisha akanijia na mfuko wake wa makala. "Mama, nipe chaki yako."

Alimaanisha chaki ya kuchorea vitambaa. Nikampa. Akapaka vibonye vyote vya akordeo, upande wa kulia na upande wa kushoto, kimoja kimoja, kwa uvumilivu wa mwanamke anayesuka. Halafu akakaa kwenye kiti changu, akapiga polepole nyimbo zake zote za kutolea watu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anapiga ameketi. Alipomaliza, tulitazama. Katikati vibonye vilikuwa vimefutika, vinang'aa. Pembeni, juu na chini, chaki ilikuwa bado nyeupe.

"Ona," alisema. "Miaka yote nabeba bintu situmie."

Hapo ndipo akanifundisha. Uzito wa akordeo hauko kwenye ubao wala kwenye rangi. Uko ndani, kwenye vile vichuma vyembamba vinavyolia hewa ikipita, ambavyo yeye aliviita ndimi. Akordeo kubwa ina ndimi mbili au tatu au nne kwa kila kibonye, ndiyo maana sauti yake inajaa. Ukitaka wepesi, unaacha ndimi na unaacha vibonye. Wengine wanapunguza uzito kwa kutengeneza vibaya, plastiki nyembamba na karatasi mbovu kwenye mvukuto, na hiyo ni nyepesi kweli, lakini haifiki barabarani. "Muntu anachagua sauti gani ataachana nayo," alisema. "Njo ile tu." Aliyasema haya huku anafuta chaki, na uso wake ulikuwa wa mtu anayegawa nguo za marehemu.

Akaenda Lubumbashi kwa basi. Alirudi siku hiyo hiyo. Dukani alionyeshwa akordeo mpya, nyekundu, inang'aa, nyepesi hata mtoto angeibeba. Akafungua kifungo cha mvukuto, akaishika juu kwa mkono mmoja, akaiacha ining'inie. Akordeo iliyo nzima hushuka polepole, maana hewa haina pa kutokea. Ile ilidondoka mara moja, pwaa! Muuza duka akamwambia ni kawaida. "Ile ni valizi, sanduku ya safari," alituambia. "Valizi yenye kuimba." Mke wake alicheka kitandani mpaka akakohoa.

Ya pili tuliipata hapa hapa Likasi. Kanisa moja la kilokole la wachimbaji lilikuwa limenunua piano ya umeme, na akordeo yao ya zamani haikuwa na kazi. Ilikaa kwenye depo ya shemasi wao, ambaye ananunua mawe ya shaba na kobalti kwa wachimbaji. Nilikwenda na mzee, ili nione mikanda. Akordeo ilikuwa nzuri. Mvukuto ulishuka polepole, ndimi zote zililia, ukivuta na ukisukuma. Shemasi, mtu mchangamfu, akasema, "Muzee, kama unaogopa kilo, tutapima." Akaiweka kwenye mizani yake, kati ya magunia ya mawe. Kilo saba.

Uso wa mzee ulifunguka. Saba badala ya kumi na mbili! Shemasi akasema aende nayo kwanza aijaribu, wataongea baadaye. Tulirudi Panda mzee akiimba chini chini, yeye ambaye hakuimba.

Kesho yake alijaribu. Alitoka mlangoni kwake, akaelekea barabarani, mimi nikimfuata. Alifika, lakini vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa, hawezi kuvikunja. Akasema ni mazoea tu. Siku iliyofuata vikafa tena. Alikaa kwenye ngazi yangu, akijisugua mkono. "Kilo saba, na minye nashindwa," alisema. "Basi niliisha kufa, hamujanizika tu."

Mke wake alikuwa anasikia kupitia ukuta. Akauliza kwa sauti, "Mulipima wapi?"

"Ku depo," nikamjibu.

"Ku depo ya mawe?"

Tukatazamana, mimi na mzee. Aka! Likasi nzima inajua mizani ya depo inakula. Mchimbaji akiweka gunia lake pale, kilo zinapungua kabla hajafungua mdomo, na kila siku kuna ugomvi juu ya hilo. Mtoto anajua. Mbuzi anajua. Lakini sisi tulikuwa tumepeleka muziki, si mawe, na akili zetu zikalala. Kwa kuhakikisha tulipeleka pale gunia la unga la kilo ishirini na tano, halijafunguliwa. Mizani ikasema kumi na tisa.

"Shemasi," mzee alisema, "hata Mungu akikaa hapa atakonda."

Shemasi hakukasirika, alicheka kwa aibu, akairudisha akordeo yake ndani. Njiani mzee alicheka peke yake mpaka machozi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona na machozi, nayo yalikuwa ya kicheko. Kisha akasema wakati unakwenda, na mama kule ndani amekwisha.

Ilikuwa kweli. Nilimgeuza mke wake kitandani kwa mkono mmoja siku hizo.

Ya tatu ilitoka kwa mtawa mmoja mzee, masere kama tunavyowaita, aliyefundisha watoto wadogo kuimba. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa baridi yabisi, akordeo yake ilikaa kwenye sanduku na vidonge vya kufukuza wadudu. Ndogo, nyeusi, imetengenezwa na watu waliojua kazi. Mzee aliifungua, akaiacha ining'inie. Ilishuka taratibu mno hata nikachoka kungoja. Akaitikisa sikioni, asikie kama kuna ulimi uliolegea ndani. Akapiga kibonye kimoja kimoja, akivuta, akisukuma. Vile vilivyofutika chaki kwake, vyote vilikuwepo hapa.

Masere akauliza kama anataka kujua kilo zake. "Apana, masere," mzee alisema. "Nilishaachana na mizani." Akaivaa, akatoka mlango wa parokia akipiga, akaenda mpaka geti kubwa, akageuka, akarudi. Akaenda tena. Masere alibaki amekaa, anatikisa kichwa kwa wimbo. Mzee aliporudi mara ya pili alikuwa anapumua vizuri. Alikunja vidole vyake vya kushoto, akavikunjua.

"Sauti ni ya mutoto wa masomo," alinung'unika.

"Basi ilee," masere akajibu. "Chukua. Minye nilikuwa nangojea muntu wa kuibeba."

Alipofika nyumbani alivunja sheria yake, akampigia mke wake pale chumbani, amesimama karibu na kitanda. Bezi, zile sauti nene, zilikuwa chache. Ule mngurumo wa ile kubwa, uliokuwa ukiingia tumboni, haukuwepo. Alipomaliza aliomba msamaha, nami nilisikia kwa masikio yangu: "Iko kadogo. Haina nguvu."

Mke wake akainua mkono, ngozi na mfupa. "Na minye niko kadogo. Inatosha."

Alifariki msimu wa mvua. Sisemi mengi, maana mengi sikuyaona ingawa nilikuwepo. Nakumbuka matope. Nakumbuka watoto wake walikuja na bafle kutoka Lubumbashi, wameshalikodi, na mzee alikwenda mwenyewe akalizima, akamwambia kijana wa bafle akanywe chai. Mwili ulipoletwa kutoka mochwari na watu wakamaliza kuaga, mzee alisimama mlangoni na ile ndogo kifuani. Hakuna aliyemuuliza marehemu alitembea namna gani.

Akaanza, na wimbo ulikuwa wa haraka. Watu wakashtuka. Sisi tuliomjua mama zamani, kabla ya kitanda, tulikumbuka. Mama yule alitembea kama sufuria imeachwa motoni. Wabebaji ilibidi wakaze mwendo, wanateleza kwenye matope, mmoja akapoteza kandambili na hakurudi kuiokota. Mzee alikwenda mbele, mgongo umenyooka, hakutetereka, hakusimama. Akafika barabarani. Injini ikawaka. Akanyamaza. Uso wake ulikuwa mkavu.

Kilioni watu walimsifu kwa siku nyingi. Mwanaume ni yule! Amemtoa bibi yake mwenyewe na hakuanguka! Yeye aliitikia, "Aksanti, aksanti," akala bukari yake, yaani ugali, akalala.

Aliendelea na kazi. Alitoa watu wengine na ile ndogo, na Panda ikazoea sauti yake nyembamba. Mimi nikarudi kwenye cherehani yangu. Tulisalimiana asubuhi baada ya yeye kunawa uso, kila mtu na ukuta wake.

Mvua zilipoisha nilimpelekea sombe. Nilimkuta nje kwenye kigoda, mikono magotini, hafanyi kitu.

"Mama, ikala," alisema. Nikakaa.

"Siku ya bibi yangu, nilipiga muzuri?"

"Ulipiga muzuri, baba. Bantu bote balisema."

"Nilifika ku barabara."

"Ulifika."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Njo neno lenyewe. Nilifika, na sikuchoka. Ile kintu iko mwepesi sana, mama. Nilitoka ku mulango, nikasema, ngoja, bega itaanza kuuma, hapo nitajua kama ni yeye anakwenda. Natembea, nangojea. Haikuuma. Injini ikawaka, gari ikakwenda, na minye nikarudia ku nyumba sawa na muntu mwenye kutoka ku soko. Mpaka leo. Naamka, nasema, atakuwa alienda kwa mutoto Lubumbashi."

Nilimwelewa mpaka nikakasirika. Maneno ya kufariji, yale ya kilioni, nikayaacha. Nikamwambia ukweli: "Hata minye, baba. Siku ya mume wangu, hakuna kitu."

"Najua. Nilikuwa nasikia nyuma yangu. Bote banalia, weye apana."

Kuku wa jirani wakaingia, wakatoka. Kisha akasimama, akajinyoosha polepole.

"Ingia mu nyumba. Nishushie ile mukubwa."

"Baba, bega yako..."

"Nishushie."

Niliishusha kutoka juu ya kabati, vumbi likaniingia puani. Yesu, uzito ule! Nilikuwa nimeusahau. Nikamvalisha akiwa amesimama pale mlangoni, bega la kulia kwanza, kisha la kushoto polepole, nikakaza mikanda. Alifumba macho. Mvukuto ulikuwa umefungwa na hakuufungua. Hakugusa kibonye hata kimoja. Akatoka tu mlangoni, akaanza kutembea kuelekea barabarani, haraka haraka, mwendo ule wa mama.

Nikamfuata. Kina mama wa nyumba ya tatu waliacha kazi zao, mmoja akaniuliza kwa macho ni nani tena, nikampungia mkono kwamba hakuna. Katikati ya njia mzee alianza kuhema. Mkono wa kushoto ukashuka. Kidevu kikamwangukia juu ya akordeo, mgongo ukapinda, lakini miguu haikusimama. Halafu mabega yakaanza kutetemeka, na nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, miaka yote ile ya ukuta kwa ukuta.

Nikakimbia mbele yake, nikanyoosha mikono nimpokee mzigo.

"Acha, mama," alisema. Uso wake wote ulikuwa umelowa. "Usiitoe. Sasa inauma."

Nikashusha mikono, nikarudi nyuma yake, tukaenda.